Boksi la Besi: Spika za Kujitengenezea Uswahilini Dar es Salaam

Historia ya spika Dar es Salaam inaanzia kwenye chumba cha kupanga. Nyumba ya Kiswahili ya Kinondoni, Magomeni, Manzese, Temeke au Tandika ina ramani inayojulikana: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wenye jiko, choo na kamba za kuanikia. Chumba kimoja ni kama futi kumi kwa kumi. Ndani mna kitanda, kabati la vyombo, ndoo za maji, mabegi uvunguni, na familia nzima. Mwenye redio huiweka juu ya kabati, kwenye kona, kwa sababu hakuna mahali pengine.

Vitabu vya wapenzi wa muziki wa nyumbani vya Ulaya na Marekani vinataka mambo mengine kabisa. Spika mbili zikae mbali na kuta, zitengane kwa umbali uleule uliopo kati ya kila moja na msikilizaji, na msikilizaji akae ncha ya tatu, peke yake, bila kuzungumzishwa. Kwa vipimo hivyo, uswahilini hapajawahi kuwa na chumba cha kusikilizia muziki. Spika zilizoundwa kwa mikono, hata hivyo, zilikuwepo tele. Zilikusudiwa zisikike ukumbini, barazani, na ikiwezekana nyumba ya tatu. Aliyeziunda hakuhitaji muziki umfuate kitini. Alitaka utoke nje ukamtangaze.

Chombo cha kwanza kupiga muziki wa Kiswahili majumbani hakikutumia umeme. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice, na sahani hizo zilizunguka pwani yote kwenye gramafoni za kuzungushwa kwa mkono. Gramafoni ya aina hiyo haina koili wala sumaku. Sindano inatikisa kiwambo chembamba, na mtikisiko huo mdogo unapita ndani ya honi inayopanuka taratibu mpaka unafikia hewa ya chumba. Honi haiongezi nguvu yoyote, ila inazuia ile iliyopo isipotee. Tuiweke akilini honi hiyo, maana itarudi Mwananyamala miaka zaidi ya sitini baadaye ikiwa imeungwa kwenye kinanda cha Casio.

Redio ilifika 1951, Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambayo kizazi kizima kiliijua kwa vipindi vya Majira, Ugua Pole na vituko vya Pwagu na Pwaguzi. Redio za mwanzo zilikuwa samani: sanduku la mbao lililopakwa vanishi, kitambaa mbele, taa ya manjano kwenye kioo cha masafa. Zilikuwa nzito na za gharama, lakini zilikuwa na kitu kimoja ambacho redio zilizofuata zilikikosa, nacho ni mbao. Spika iliyofungwa ndani ya sanduku la mbao inatoa sauti yenye kifua.

Spika yenyewe haijabadilika sana. Mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric, Marekani, walieleza umbo ambalo mpaka leo ndilo linalouzwa Kariakoo: koni ya karatasi, koili ya waya mwembamba iliyoshikizwa shingoni mwa koni, na sumaku inayoizunguka koili hiyo. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili husukumwa mbele na kuvutwa nyuma, na koni hutikisa hewa. Hapo ndipo tatizo linapoanza. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inaivuta. Kwa sauti nyembamba hakuna shida, lakini sauti nene za besi huzunguka ukingo wa spika, ya mbele ikakutana na ya nyuma, zikafutana. Shika spika tupu mkononi ikiwa inapiga muziki: utasikia mwimbaji na gitaa la solo, na gitaa la besi hutalisikia. Boksi kazi yake ya kwanza ni kuzitenganisha sauti hizo mbili.

Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, na chapa ya National ikawa jina la kila nyumba, kwenye betri kavu na kwenye redio. Philips nao waliunganisha redio Arusha. Transista zilikuwa zimeshaua redio za kabati. Redio ilikuwa sasa ya plastiki, ya betri, yenye spika moja ndogo, na ilifika shambani na kijijini. Serikali iliitegemea. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima, wakajifunza kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Kwa maneno ya mwalimu redio hiyo ilitosha kabisa.

Kwa bendi ya NUTA Jazz haikutosha. Wapenzi wa dansi waliokwenda kumbini Jumamosi walijua mpiga besi anafanya nini, na Jumatatu redio ilipopiga wimbo uleule, mpiga besi alikuwa hayupo. Ladha ya besi mjini ilitoka dansini, na ninaamini tamaa ya kuunda maboksi majumbani ilitoka hukohuko. Mtu aliyekwisha simama karibu na mashine ya besi pale ukumbi wa DDC Kariakoo hawezi tena kuridhika na National ya spika moja.

Dawa ya kwanza haikuhitaji fundi wala msumari. Spika ilitolewa kwenye redio mbovu, ikaungwa waya mrefu, ikalazwa kifudifudi kwenye mdomo wa mtungi. Matokeo yalishangaza: besi ikatokea pasipokuwa na besi. Sayansi yake ilikwisha elezwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz katikati ya karne ya 19. Hewa iliyofungiwa tumboni mwa chombo chenye shingo nyembamba ina noti yake, na ukiichokoza kwa noti hiyo inaitikia kwa nguvu kuliko kwa nyingine zote. Kasoro ya mtungi ni hiyohiyo. Una noti moja tu. Mpiga besi apande au ashuke, mtungi unavuma palepale, na kila wimbo unageuka ngoma ya mtu mmoja. Lakini unavuma, na jirani anasikia.

Mtungi ulikuwa na ndugu wa kisomi. Mwaka 1932, Albert Thuras wa maabara za Bell, Marekani, alipewa hataza ya boksi la spika lenye tundu la ziada, ambapo mgongo wa koni unasukuma hewa ya ndani nayo inatokea tunduni ikiwa imegeuzwa mwendo, ikaongeza besi badala ya kuifuta. Kanuni ni ya mtungi, ila ukubwa wa boksi na upana wa tundu vinapangwa kulingana na spika. Hesabu kamili za kuvipanga zilikuja baadaye sana, kwa kazi ya Neville Thiele mwaka 1961 na Richard Small mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mafundi wa Temeke hawakuzisoma. Walikata tundu, wakasikiliza, wakaliziba nusu kwa kipande cha mbao, wakasikiliza tena.

Miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 ndiyo iliyomtengeneza fundi redio wa mtaani, na shida ndiyo iliyokuwa mwalimu wake. Fedha za kigeni zilipungua, bei ya mafuta ilipanda, kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikakomba kilichobaki. Sabuni na sukari vilipangiwa foleni. Nani angeagiza spika? Chombo kikiharibika hakikutupwa, kilifufuliwa. Koili iliyoungua ilisukwa upya kwa waya wa shaba uliofunguliwa kwenye transfoma iliyokufa. Koni iliyochanika ilibandikwa karatasi laini kwa gundi. Kibanda cha fundi kilikuwa makaburi ya redio za mtaa mzima, na kutoka makaburini humo mteja aliweza kupata spika mbili zinazokaribiana ukubwa, transfoma ya amplifaya, na kisanduku cha vitufe vya sauti.

Kumiliki muziki mkubwa nako kulikuwa na hatari yake. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo uliijumuisha Dar es Salaam, kwa kuonekana ni uchafu wa kigeni unaoharibu vijana. Marufuku hiyo ililenga kumbi, lakini ilimfundisha kijana wa mjini kwamba anachokisikiliza kinaweza kuwa jambo la serikali. Mwaka 1983 ikaja operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, na hapo swali halikuwa tena muziki gani unapigwa, bali chombo kinachoupiga kimetoka wapi. Watu walificha bidhaa darini, wengine wakazitupa porini na baharini wasikutwe nazo. Redio kubwa ya kigeni isiyo na risiti ilikuwa ushahidi. Boksi la mbao lililopigwa misumari mtaani, lenye spika mbili zisizofanana na waya uliofungwa kwa plasta, halikumtia mtu mashakani. Nani angemshuku uhujumu mwenye kitu kibaya namna ile?

Sura haikuwa hoja, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa nzuri kweli. Keko, wilayani Temeke, ndiko samani za mji huu zilikotengenezwa kwa miongo mingi: vitanda, makochi, makabati, meza za vioo. Seremala anayejua kuunga kona ya droo anajua kuunga boksi la spika, na boksi la spika ni kazi rahisi kuliko droo. Ubao ulikuwa suala la mfuko. Mninga ulikuwa wa wenye nacho, ukapendeza ukipakwa vanishi na kufanana na kabati la vyombo. Plaiwudi ilikuwa ya kati. Wengi walitumia chipbodi, ile ya unga wa mbao uliogandamizwa kama inayotoka kiwanda cha Tembo huko Mkumbara, Tanga, na kwa sauti wala hawakupunjwa. Chipbodi ni nzito na haina nyuzi, kwa hiyo haitetemeki na kuimba wimbo wake yenyewe kama ubao mwembamba unavyofanya. Adui yake ni maji. Nyumba ikivuja msimu wa masika, kona za boksi huvimba kama andazi na misumari inaachia.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi, na bado inakwenda hivi kwenye vibanda vichache vilivyobaki. Fundi anaigeuza spika kifudifudi juu ya ubao, anazungusha penseli, kisha anachora duara la pili ndani ya lile la kwanza ili ukingo wa chuma upate pa kukalia. Hapo hutobolewa matundu madogo mfululizo kwa msumari wa moto au drili, kisha msumeno mwembamba unaunganisha. Mbao zinaungwa kwa gundi na misumari, na kila mshono unazibwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno, kwa sababu hewa ikivuja pembeni besi inakwenda nayo. Ndani hutandikwa sufi ya mto wa zamani au godoro lililokatwa, kupunguza mwangwi. Mgongo unafungwa kwa skrubu, haupigwi misumari, maana fundi anajua ataufungua tena.

Kabla ya kufunga kuna jaribio moja ambalo ukiliona utamjua fundi wa kweli. Anachukua betri kavu ya volti moja na nusu, anagusisha nyaya mbili za spika kwenye ncha zake kwa sekunde moja. Koni inaruka. Ikiruka kuja mbele, waya ulioshika ncha chanya unapakwa rangi ya kucha au unafungwa uzi mwekundu. Ikirudi nyuma, anageuza. Spika ya pili inapitishwa hivyohivyo. Zikifungwa bila kujaribiwa, moja inaweza kuwa inasukuma wakati mwenzake anavuta, na maboksi mawili yenye afya yakatoa besi ndogo kuliko moja. Nimewaona watu wakilaumu amplifaya mwezi mzima kwa kosa la nyaya mbili zilizopishana.

Kisha hesabu ya mzigo. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4, na amplifaya inafanya kazi zaidi. Zikiungwa sambamba nne, omu 2, na transista zinaungua. Kwa hiyo fundi anaunga mbili kwa mfululizo, mbili kwa mfululizo, halafu jozi hizo sambamba, anarudi kwenye omu 8. Hiyo ni fizikia ya sekondari, ila wengi waliijua kwa harufu ya transista iliyoungua. Spika ndogo ya sauti kali, twita, inawekewa kapasita moja njiani, na kapasita hiyo inazuia besi isiipasue. Spika za kiwandani zina saketi nzima kwa kazi hiyo. Kapasita moja inatosha kwa asilimia kubwa ya nyimbo za dansi za Mbaraka Mwinshehe.

Boksi lilipofika chumbani, liliwekwa kwenye kona juu ya kabati, na hapo bahati iliungana na ufundi. Kona ya kuta mbili inakusanya sauti nene na kuirudisha chumbani. Wenye vyumba vikubwa Ulaya wanaihofia kona kwa sababu besi inakuwa nyingi mno. Kwa mwenye amplifaya ya wati chache, wingi huo ni zawadi. Ukuta wa tofali, paa la bati na dari isiyokuwepo vilifanya yaliyobaki: katika nyumba nyingi kuta za vyumba haziendi mpaka juu, kwa hiyo sauti ya chumba cha kwanza ilipita juu ya kuta na kushuka kwa wapangaji wote sita. Mwenye boksi alichagua muziki wa nyumba nzima. Kulikuwa na ugomvi, lakini kulikuwa pia na kanuni ambazo hazikuandikwa. Adhana ikianza, sauti inashushwa. Mtaani kukiwa na msiba, redio zinazimwa, na asiyezima anaonekana hana malezi.

Nje ya Tanzania kisa kama hiki kinajulikana zaidi cha Jamaika. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Hedley Jones, fundi aliyewahi kuhudumu katika jeshi la anga la Uingereza, aliunda amplifaya na maboksi makubwa kwa ajili ya disko la mitaani la Tom the Great Sebastian, Kingston, na kutoka kwenye mashindano ya maboksi barabarani ukazaliwa muziki uliotungwa kwa ajili ya maboksi hayo. Dar es Salaam nayo ilifika huko, kwa njia yake na kwa kuchelewa.

Bajeti ya 1984 iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa wamezipataje, na mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akawa Rais, jina la Mzee Ruksa likamkaa. Kariakoo ilijaa. Redio kaseti za milango miwili ziliingia kutoka Dubai, zikiwa na taa zinazochezacheza na vitufe vingi kuliko kazi. Kwa fundi huu haukuwa mwisho, ulikuwa mwanzo wa neema. Redio kaseti nyingi zilikuwa na matundu ya kutolea sauti nyuma, na mteja aliyenunua leo alikuja kesho kuulizia maboksi. Kanda zilirudufiwa kwa wingi, disko za kuhamahama zikaongezeka. Clouds ilikuwa disko kabla haijawa redio ya FM. Nyumba zisizo na umeme zilipata jibu lao kwa redio ya gari, betri ya gari inayopelekwa kuchajiwa, na boksi la chipbodi. Mfumo huo wa volti 12 ulikuwa mzuri kuliko redio kaseti nyingi, nami naushuhudia bila kusita.

Televisheni ilipoanza Bara mwaka 1994, kabati liligeuka. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, lakini Bara ilikaa miaka thelathini na zaidi ya uhuru ikiishi kwa sikio. Makochi yakaanza kutazama skrini, kitambaa cha kufuma kikahama kutoka juu ya redio kwenda juu ya televisheni, na muziki wa nyumbani ukaanza kuonekana jambo la pembeni.

Mitaa, hata hivyo, ilikuwa imeshaanza makelele yake. Mwananyamala, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana walichukua vinanda vidogo vya Casio, wakaviunga kwenye amplifaya chakavu na honi za aina inayofungwa misikitini na kwenye magari ya matangazo, wakaongeza ngoma na kigoda cha kupigwa kwa fimbo. Wakauita mchiriku, au mnanda. Jagwa Music, kundi lililoanza 1992, ndilo linalojulikana zaidi nje. Albamu yao Bongo Hotheads ilitolewa mwaka 2012 na Crammed Discs ya Ubelgiji, na wakazunguka Ulaya. Wasikilizaji wa huko waliusifu mkwaruzo wa sauti yao kana kwamba ni ubunifu wa studio. Ulikuwa ni mkwaruzo wa vifaa. Honi haina besi, na ukiilazimisha inapiga kelele ya bati. Ila kwa uwanja wa wazi, nguvu ndogo na watu mia tatu wanaocheza, hakuna chombo kingine kinachofika mbali hivyo. Watengenezaji wa gramafoni walilijua hilo zamani.

Kutoka mchiriku, kupitia taarabu iliyoharakishwa na kompyuta za mtaani, ikaja singeli ya Manzese, Tandale na Mburahati. Kazi za studio ya Sisso, Mburahati, ndizo zilizokusanywa kwenye albamu ya Sounds of Sisso iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Uganda mwaka 2017. Singeli inakimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Isikilize kwenye boksi kubwa lenye tundu, lile lililoundwa kwa ajili ya bendi ya Mlimani Park, nayo inachafuka: koni haijamaliza kutulia kwa pigo moja, la pili limeshafika. Isikilize kwenye honi au spika ndogo kali, inakata kama wembe. Wengine wanasema singeli ni kelele. Nadhani wanaisikiliza kwenye chombo kisicho chake.

Vigodoro, yale makesha ya barabarani yaliyofunga mitaa kwa turubai na maboksi yaliyopangwa kama ukuta, yalileta polisi na malalamiko ya kweli ya wagonjwa, wanafunzi na watu wa zamu za usiku. Kanuni za viwango vya kelele na mitetemo zilitolewa mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilizifungia baa na kumbi zilizozivunja. Sioni ubaya wa kanuni hizo. Ubaya niuonao ni kwamba zimeikuta nyumba ileile ya vyumba sita isiyo na dari, ambayo ndani yake hata kukohoa kwa mpangaji wa kwanza kunasikika kwa wa mwisho.

Kilichomuua fundi wa maboksi hakikuwa sheria. Ilikuwa sabufa. Kuanzia miaka ya 2000 bidhaa za China zilileta boksi moja la besi lenye amplifaya ndani, spika ndogo mbili au nne, sehemu ya flashi, kadi, FM, na baadaye bluetooth, kwa bei ambayo Keko haiwezi kuikaribia hata mbao zikitolewa bure. Mbele yake imebandikwa karatasi yenye kung'aa iliyoandikwa maelfu ya wati. Usiiamini. Herufi PMPO zinazofuata namba hiyo hazina kipimo chochote kinachokubalika. Kifaa kinachovuta wati 40 ukutani hakiwezi kutoa wati 5,000 kwenye spika. Na ndiyo sababu pia ugomvi wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwenye nyumba za kupanga unapoelekezwa kwa mwenye sabufa unamwonea. Mwenye pasi na mwenye friji wanamaliza uniti zaidi.

Sabufa ina mtungi ndani yake: tundu lake limepangwa livume kwa noti moja nene ili mteja aliyesimama dukani Kariakoo, katikati ya kelele za Mtaa wa Kongo, aseme huu ndio mziki mnene. Nyumbani noti hiyo inachosha. Boksi la Keko la miaka ya 1970, likiwa na spika iliyosukwa vizuri na tundu lililopunguzwa kwa sikio, lilimpa mpiga besi noti zake zote. Nimeyasikiliza yote mawili kwa rekodi zilezile za RTD na jibu langu haliyumbi: kwa dansi la zamani, la mbao ni bora, na bora kwa mbali.

Mafundi wa kizazi kile sasa ni wazee, na wengi wao wanatengeneza simu na feni. Maboksi yao yanakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wanaong'oa sumaku na shaba kisha mbao zinakuwa kuni. Hapa Kinondoni, kwenye Barabara ya Bagamoyo, tuna Kijiji cha Makumbusho ambacho tangu 1967 kinaonyesha nyumba za jadi za makabila mbalimbali, na vyombo vyake ndani. Makumbusho ya Taifa ijenge pale chumba kimoja cha kupanga cha uswahilini: futi kumi kwa kumi, kitanda, ndoo, kabati la vyombo, na juu ya kabati, kwenye kona, boksi la chipbodi linalofanya kazi, likiwa limeungwa kwenye kanda za RTD. Spika bado zinapatikana kwa wazee wa Keko na Tandika. Anayejua lilipo boksi zima asingoje mnunuzi wa chakavu apite. Alipeleke makumbusho, na aandike nyuma yake kwa penseli jina la fundi aliyeliunda.